Waraka Mmoja, Mafundi Wengi: Namna ya Kumsikiliza Chopin

Kuna swali linaloulizwa mara kwa mara na watu wasiouzoea muziki wa piano wa Ulaya, nalo ni swali la haki. Mtunzi amekwisha kufa zamani. Kazi yake imeandikwa karatasini nota kwa nota, na kila mpigaji anaisoma karatasi ile ile. Basi kuna haja gani watu mia kuirekodi ngoma moja? Na mtu mwenye akili zake atanunuaje santuri tano za ngoma hiyo hiyo, ilhali moja ingemtosha?

Jawabu lake sisi watu wa pwani tunalo majumbani mwetu. Chukua mswada wa utenzi wa kale ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo zina alama tatu za irabu: fat-ha, kasra na dhamma. Kiswahili kina irabu tano. Mwandishi akitia kasra, msomaji ndiye aamuaye kama ni "i" au ni "e". Akitia dhamma, msomaji ndiye aamuaye kama ni "u" au ni "o". Karatasi haimwambii. Kinachomwambia ni lugha aliyoinyonya kwa mama yake, pamoja na mizani na vina vya ubeti. Na hata akishayapata maneno yote, bado hajaipata sauti: wapi avute, wapi akate, wapi ashushe pumzi. Wape watu wawili utenzi mmoja waughani, nawe utasikia tenzi mbili.

Ndivyo zilivyo nota za muziki. Zinasema mengi, lakini hazisemi yote. Katika makala haya nataka kueleza jinsi nilivyomjua mtunzi mmoja, Frédéric Chopin, si kwa kusoma maisha yake kwanza, bali kwa kuwasikiliza mafundi waliozipiga ngoma zake, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaanza kumsikia mwenyewe nyuma yao.

NI NANI CHOPIN?

Chopin alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, karibu na Warsaw, mji mkuu wa Poland. Baba yake alikuwa Mfaransa, mama yake mwenyeji wa Poland. Zama hizo Poland ilikuwa imegawanywa na mataifa jirani yenye nguvu, na Warsaw ilikuwa chini ya Mfalme wa Urusi. Mwezi Novemba mwaka 1830, kijana wa miaka 20, alifunga safari kwenda Vienna kutafuta maisha. Wiki chache baada ya kuondoka, watu wa Warsaw waliinuka dhidi ya Warusi. Mwaka uliofuata walishindwa. Chopin akaenda Paris, akakaa huko, na nchi yake hakuiona tena mpaka alipofariki mwaka 1849, umri wake miaka 39. Mwili wake ulizikwa Paris. Lakini moyo wake dada yake aliuchukua akaurudisha Warsaw, na uko huko hadi leo katika kanisa moja la mji huo.

Aliandika mambo mengi kwa ajili ya piano, lakini mimi nashika upande mmoja tu, nao ni mazurka. Mazurka ni ngoma za wanavijiji wa nchi ya Mazovia, iliyoizunguka Warsaw. Chopin alizisikia utotoni, na huko ugenini aliendelea kuzitunga tangu ujana hadi karibu na mauti yake. Zimefika zaidi ya hamsini. Nyingi ni fupi, dakika mbili, tatu, nne. Hazina vishindo vya kuwatoa watu vitini. Lakini mafundi wenyewe hukiri kwamba ndizo ngumu kuliko zote, na ugumu wake hauko kwenye vidole.

MAPIGO MATATU YASIYOLINGANA

Karatasi ya mazurka inasema kuna mapigo matatu: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Katika dansi ya waltz, ambayo nayo ina mapigo matatu, uzito hukaa kwenye pigo la kwanza. Katika mazurka uzito huhama: mara uko kwenye la pili, mara kwenye la tatu, kama mchezaji anayekanyaga chini pale usipomtarajia. Tena mapigo yenyewe hayalingani urefu. Moja huvutwa, jingine hufupishwa, na kiasi cha kuvuta na kufupisha hakikuandikwa popote.

Jambo hili liliwatatiza hata waliokaa chumba kimoja na Chopin. Mwanafunzi wake mmoja, Wilhelm von Lenz, alisimulia kwamba siku moja alikuwa akipiga mazurka mbele ya mwalimu wake, akaingia Meyerbeer, mtunzi mashuhuri wa Paris. Meyerbeer akasikiliza, akasema ngoma hii ni ya mapigo mawili. Chopin akasema ni matatu. Mwenzake akashikilia mawili. Chopin, ambaye kwa kawaida alikuwa mpole, alighadhibika, akakaa kwenye piano akaipiga mwenyewe huku akihesabu matatu kwa sauti. Meyerbeer hakukubali.

Na Charles Hallé, mpigaji piano mwingine aliyemjua, alisema kwamba mazurka nyingi, Chopin anapozipiga mwenyewe, humjia kama za mapigo manne, kwa jinsi anavyolivuta pigo la kwanza. Chopin alikanusha vikali. Hallé akamwomba apige, naye akahesabu manne kwa sauti, na hesabu ikaenda sawa. Hapo Chopin akacheka, akasema hiyo ndiyo tabia ya ngoma ya kwao.

Fikiri basi, mpenzi msomaji. Watu watatu, wote mabingwa, na ngoma moja: mmoja anasikia mawili, mwingine manne, na mwenye mali anasema ni matatu. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa mtunzi akiwa hai, sisi tuliobakiwa na karatasi tufanyeje?

MTU MMOJA, MARA TATU

Mimi nilianza na Arthur Rubinstein, kwa kuwa ndiye niliyempata. Rubinstein alikuwa Myahudi wa Poland, mzaliwa wa mji wa Łódź mwaka 1887, na aliishi hadi mwaka 1982. Upigaji wake ni wa mtu anayezungumza na wageni wake sebuleni. Hakazi, hanyanyui sauti, mahadhi yanakwenda kama yanayoimbwa. Kwa mwanafunzi ni mlango mzuri, kwani hamchanganyi. Kwa muda wa miezi nilikuwa nikimsikiliza yeye tu, nikadhani kwamba mazurka ndizo hizo.

Kisha nikajua kwamba Rubinstein mwenyewe alizirekodi mara tatu: kwanza mwaka 1938 na 1939, akiwa na miaka kama hamsini, mara ya pili mwaka 1952 na 1953, na mara ya tatu mwaka 1965 na 1966, karibu na miaka themanini. Nikazitafuta zote. Za kwanza zina wepesi wa mchezaji aliye kiwanjani: anaharakisha, anasita, anaruka, mapigo yanayumba. Za mwisho zimetulia. Mwendo umepungua, na pale alipokuwa akicheza, sasa anakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakicheza.

Kati ya za kwanza na za pili palipita vita. Wanazi waliivamia Poland mwaka 1939, na jamaa wengi wa Rubinstein waliokuwa Łódź waliuawa. Mimi sisemi kwamba msikilizaji anaweza kuinyooshea kidole nota fulani akasema hapa ndipo msiba ulipo. Hayo ni mambo ya moyo wa mtu. Nasema tu kwamba mkono ni ule ule, karatasi ni ile ile, na ngoma si ile ile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata fundi mmoja hawezi kupiga mara mbili kwa namna moja, seuze mafundi wawili.

FRIEDMAN NA UWANJA WA KIJIJI

Wa pili kwangu alikuwa Ignaz Friedman, mzaliwa wa karibu na Kraków mwaka 1882, aliyefia Australia mwaka 1948. Mazurka alizorekodi si nyingi, nazo ni za zama za kale, mwaka 1930 hivi, zenye mikwaruzo tele. Lakini vumilia mikwaruzo. Kwa Rubinstein tuko sebuleni. Kwa Friedman tuko nje, vumbi linatimka. Pigo la pili analifikia kabla ya wakati wake, la tatu analichelewesha, na mguu wa msikilizaji unainuka wenyewe. Ukijaribu kuhesabu moja, mbili, tatu kwa saa, utapotea. Ukiacha kuhesabu ukafuata mwili, hupotei.

Kwa Friedman nilielewa pia somo ambalo Chopin aliwapa wanafunzi wake. Aliwaambia kwamba mkono wa kushoto uwe kama kiongozi wa wapiga ala: ushike mwendo. Mkono wa kulia ndio wenye ruhusa ya kuchelewa na kuwahi. Sisi jambo hili tunalijua katika taarabu. Mwimbaji huweza kulivuta neno apendavyo, akabaki nyuma, kisha akaja kukutana na wenzake mwisho wa mshororo. Lakini mpiga dumbaki akimfuata katika kuvuta kwake, ngoma imeanguka. Tofauti ni kwamba katika piano mwimbaji na mpiga dumbaki ni mtu mmoja mwenye mikono miwili.

NGOMA ISIYOISHA

Baada ya hapo nilichagua mazurka moja niifuate kwa mafundi mbalimbali. Ni ya nne katika fungu lililochapishwa mwaka 1834, ambalo limepewa namba 17. Huanza kwa sauti za chini, taratibu, ambazo hazikuambii unaelekezwa wapi. Kisha mahadhi ya huzuni yanaingia, na kila yanaporudi yanavikwa nakshi zaidi. Katikati pana kipande cha mwanga, ambapo mkono wa kushoto unashikilia sauti moja chini bila kuiachia, kama zumari la mfuko wa ngozi wanalopuliza wanavijiji wa huko. Kisha huzuni inarudi, na mwishowe zinarudi zile sauti za mwanzo, zikififia, na ngoma inakatika bila kufika nyumbani. Haina mwisho. Ni kama mtu aliyeacha sentensi katikati akatazama dirishani.

Rubinstein anaipiga kwa staha. Huzuni ipo, lakini ni ya mtu mzima asiyependa kuonekana akilia. Vladimir Horowitz, mzaliwa wa Kyiv, aliyeishi Marekani akafariki mwaka 1989, anaipiga kwa namna nyingine kabisa. Anatoa sauti zilizojificha katikati ya mikono miwili, ambazo kwa wengine hazisikiki; ghafla anapandisha, ghafla ananong'ona. Wako wanaosema Horowitz anajionyesha yeye kuliko Chopin. Huenda. Lakini baada ya kumsikia yeye nilirudi kwa Rubinstein nikazisikia zile sauti za ndani huko pia. Zilikuwapo siku zote, na Horowitz ndiye aliyenionyesha zilipo.

Na hii ndiyo faida kubwa ya kusikiliza mafundi wengi. Si kwamba unapata wa kumpenda na wa kumchukia. Kila mmoja anakufungulia chumba, na ukishafunguliwa, hata uingie na mwenyeji mwingine utakijua.

MCHEZA KWA WATU AKATUNZWA

Sasa nifikie jambo lililonigusa kuliko yote. Tangu mwaka 1927 hufanyika Warsaw mashindano ya kumpiga Chopin, na ndani yake mna zawadi maalumu ya mpigaji bora wa mazurka. Ni zawadi ambayo ungedhani ataichukua mwana wa nchi kila mara, kwani nani atawafundisha watu wa Poland ngoma yao?

Mwaka 1955 zawadi hiyo ilichukuliwa na kijana wa miaka 21 kutoka Shanghai, nchini China, jina lake Fou Ts'ong. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwa watu akatunzwa.

Baba yake, Fu Lei, alikuwa mfasiri mkubwa wa vitabu vya Kifaransa kwa Kichina, naye ndiye aliyemlea mwanawe juu ya mashairi ya kale ya Kichina pamoja na piano. Baada ya mashindano kijana alibaki Warsaw kusoma. Huko nyumbani baba akatiwa katika orodha ya wapinzani wa serikali. Mwisho wa mwaka 1958, badala ya kurejea kwao, Fou Ts'ong alitoka Warsaw akakimbilia London. Zingatia: mji ule ule aliotoka Chopin akiwa na miaka 20 bila kujua kwamba harudi, ndio alioutoka huyu akiwa na miaka 24. Mwezi Septemba mwaka 1966, katika siku za mwanzo za Mapinduzi ya Utamaduni, baba yake na mama yake, baada ya kudhalilishwa nyumbani kwao, walijiua. Mtoto alikuwa ng'ambo. Hakuweza kurudi China hadi mwaka 1979, alipokwenda kwa ajili ya kumbukumbu ya wazazi wake. Alifariki London mwishoni mwa mwaka 2020 kwa ugonjwa wa korona.

Fou Ts'ong alirekodi mazurka zote. Katika ile ninayoifuata, anafanya kitu ambacho wengine hawakifanyi: ananyamaza. Kati ya tungo na tungo anaacha nafasi, na nafasi hiyo ina uzito kama nota. Zile nakshi, ambazo kwa wengine ni mapambo, kwake ni maneno, kama mtu anayesita kwa kutafuta neno lililo sawa. Na anapofika ule mwisho usio mwisho, haongezi huzuni. Anaziacha zile sauti zilivyo, kana kwamba anasema: hapa ndipo habari ilipokomea kutufikia.

Miaka 25 baada yake, mwaka 1980, mshindi wa kwanza wa mashindano hayo alikuwa Dang Thai Son wa Hanoi, Vietnam, aliyekulia katika vita na kufundishwa na mama yake. Alikuwa mshindi wa kwanza kutoka Asia. Kwake mazurka ni laini na safi, hazina vumbi la Friedman wala kivuli cha Fou Ts'ong. Nazo ni za Chopin vile vile.

Kwa hiyo mwenye ngoma ni nani? Damu husaidia, sikatai; Friedman na Rubinstein walizisikia ngoma hizi walikozaliwa. Lakini kilichoandikwa na Chopin hakikuwa ngoma ya kijijini yenyewe. Kilikuwa ngoma inayokumbukwa na mtu aliye mbali nayo. Na umbali hauna kabila.

SIKIO NA JINA

Nimalize na kisa kinachofaa kuwa onyo. Mwanzoni mwa karne hii wahakiki wa Uingereza walianza kumsifu mama mmoja mpigaji piano, Joyce Hatto, aliyekuwa mgonjwa na aliyeacha kupiga hadharani tangu miaka ya 1970. Mumewe alitoa diski zaidi ya mia kwa jina lake, zikiwamo mazurka zote za Chopin. Alifariki mwaka 2006. Mwaka 2007 msikilizaji mmoja alitia diski yake moja ndani ya kompyuta, na kompyuta ikataja jina la mpigaji mwingine. Wakati huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha London, waliokuwa wakipima urefu wa kila pigo katika rekodi za mazurka, waliona kwamba za Hatto na za Eugen Indjic, mzaliwa wa Belgrade aliyeishi Paris, zilikuwa zikilingana pigo kwa pigo. Hilo haliwezekani. Tumeona kwamba hata Rubinstein hakuweza kulingana na Rubinstein. Mume akakiri kwamba zilikuwa rekodi za watu wengine, akasema alifanya hivyo kwa ajili ya mkewe.

Wizi ni wizi, na hukumu yake inajulikana. Lakini mimi nilijiuliza jambo jingine. Rekodi za Indjic zilikuwa zikiuzwa madukani kwa jina lake halisi, na sifa kama zile hakuzipata. Kizuri chajiuza, twaambiwa. Hiki hakikujiuza mpaka kilipovikwa jina la mgonjwa na habari ya kutia huruma. Watu walisikiliza habari, hawakusikiliza mkono.

Nami nimewaeleza habari za Fou Ts'ong na za Rubinstein, kwa hiyo onyo hili ni la makala haya pia. Dawa yake ni nyepesi. Siku hizi huhitaji kutafuta santuri. Rekodi hizi nyingi zinapatikana kwa simu ya mkononi. Chagua mazurka moja tu, hii ya fungu la 17 au nyingine. Mwombe mwanao akuwekee wapigaji watatu bila kukutajia majina. Sikiliza mkono wa kushoto kwanza, uone unavyoshika mwendo. Kisha sikiliza wa kulia, wapi unachelewa, wapi unawahi. Rudia kesho, na kesho kutwa. Baada ya wiki utaona kwamba kuna mambo ambayo kila mmoja anayafanya kivyake, na kuna machache ambayo wote watatu, wapende wasipende, wanayafanya sawa. Hayo machache ndiyo Chopin.